Mtihani wa Tatu wa Milembe

Somanda, Bariadi
14 Januari 2024

Mwanangu Milembe,

Mwadila mayu. Mwanao Winnie anakusalimu. Amekaa ubavuni mwangu hapa akichungulia, anataka jina lake litajwe zaidi ya la mtu mwingine yeyote. Sisi wazima. Mvua zimekuja kwa pupa, kule kwa baba yako mdogo Masalu magugu yameimeza pamba na palizi haijafika hata nusu shamba.

Asante kwa barua ya Krismasi. Tangu zile sindano za kifua kikuu ziondoke na masikio yangu, simu kwangu ni kioo tu. Namwona jirani yetu Klementina anacheka na simu yake sikioni, namwonea wivu. Meseji nazo herufi zake kama mchwa. Karatasi naisoma mara nyingi nitakavyo, hata kitandani.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa pili unaufanya mtihani kwa mara ya pili. Wanawake wa jumuiya wananiuliza, nami nimewaeleza: Milembe ni daktari kamili, kasoma hapa nchini, kafanya kazi hapa hapa Bariadi, lakini Wajerumani hawawezi kumfundisha ubingwa wa kulaza usingizi wagonjwa wa upasuaji mpaka wampime upya. Kwanza lugha, ambayo ameshaivuka, kisha udaktari wenyewe. Na udaktari wanampima mara tatu tu. Akianguka ya tatu, mlango umefungwa nchi nzima. Mama Salu akaniandikia, "Na shahada yake je?" Nikamwambia shahada ipo, ila ni kama ng'ombe mwenye chapa ya kijiji kingine, hawamwingizi zizini mpaka wamjue. Wakaelewa.

Mara ya kwanza ulianguka, basi. Hata mimi shangazi yako mtihani wa ukunga niliurudia. Matokeo yakitoka tuandikie, yakiwa mema au mabaya.

Viatu vyangu vya kanisani vimeanza kunibana, nimempa Klementina. Miguu ya uzee hiyo.

Sengi yako,
Felisita


Kassel, Ujerumani
3 Machi 2024

Sengi mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inawakuta wazima, wewe na Winnie na Klementina na baba mdogo Masalu. Mimi mzima, ni baridi tu. Mwambie Winnie picha ya kuku aliyonichorea nimeibandika juu ya kitanda. Ukimwona anajisifu, ana haki.

Kuhusu mtihani, ofisi imeusogeza mbele hadi mwezi wa kumi. Waombaji ni wengi na maprofesa ni wachache, ndivyo wanavyosema. Kwa hiyo hakuna matokeo kwa sasa. Wanawake wa jumuiya usiwaeleze mengi.

Mpango uko pale pale. Nikivuka mtihani napata leseni. Nikipata leseni, kuna hospitali katika mji mdogo karibu na hapa, mkuu wake wa idara ya usingizi alinihoji mwaka jana akasema nafasi ipo, nimletee leseni tu. Hapo ndipo ubingwa unaanza, miaka mitano. Mwaka wa kwanza nikishatulia namleta Winnie. Ikiisha narudi nyumbani, na pale hospitali hakutakuwa na mama anayepakiwa kwenye gari usiku kwa sababu hakuna wa kumlaza usingizi apasuliwe.

Kwa sasa ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Ni ya muda tu. Wazee wenyewe wananipenda, kuna Bibi Krüger ambaye hakubali kuchanwa nywele na mtu mwingine. Nikitoka kazini nasoma hadi macho yanauma. Naota kwa Kijerumani, Sengi, na hata ndotoni nakosea.

Mbusu Winnie.

Milembe


Somanda, Bariadi
21 Aprili 2024

Mwanangu Milembe,

Mwangaluka. Pasaka imepita salama. Masalu alituletea kuku na choroko, na mke wake akatufungia michembe ya viazi ya kutosha. Mama Salu amepata mjukuu wa kike. Barua yako ilikaa posta siku nyingi kwa sababu sikwenda kuichukua. Jua limekuwa kali, na ile posta siku hizi naiona mbali.

Nimesoma kwamba mtihani umesogezwa. Sawa. Sitauliza zaidi.

Nina neno, nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Winnie yuko Nyashimo kwa baba yake. Novatus alikuja na mkewe kumchukua. Hawakujileta, niliwaita mimi. Shule anayofundisha Novatus ina walimu wa kutosha, na mkewe ni mtu mpole, nilimwangalia sana usoni. Winnie hakulia. Alibeba begi lake mwenyewe. Alipofika mlangoni alirudi, akanisemesha kwa midomo polepole kama anavyojua: "Bibi, nimekosa nini?" Nikamwambia hujakosa kitu.

Umri wangu na mtoto wa darasa la kwanza haviendani tena. Usikasirike. Ukikasirika, soma hivyo hivyo.

Hapa kuna joto. Kitanda nimekiacha, nalala kwenye kile kiti kikubwa cha mbao, naweka mito mgongoni. Ni raha zaidi.

Sengi yako,
Felisita


Kassel
19 Mei 2024

Sengi,

Shikamoo. Leo sina habari za kuanzia.

Siku naondoka, pale stendi, ulinishika mikono yote miwili ukasema, "Mtoto huyu akitoka kwangu anakuja kwako, haendi kwingine." Nilipanda basi kwa sababu ya maneno hayo. Bila hayo nisingepanda. Vyeti na viza na barua za ofisi zote zilikuwa karatasi tu, neno lako ndilo lililonivusha.

Nawe ukamwita Novatus. Novatus, Sengi! Aliyesimama mbele ya ukoo akasema mwanamke anayemwacha mtoto wa miaka mitano kwenda kutafuta vyeo si mama. Umemtafuta mwenyewe, ukampa mwanangu na begi lake.

Nilimpigia. Akaniambia, "Muulize shangazi yako," akakata. Nilimpigia Klementina. Akasema, "Mama mzima, kachoka tu." Nilimwomba Novatus kwa meseji nizungumze na mtoto, na jioni moja aliniwekea. Unajua Winnie alinisemesha nini? "Shikamoo mama. Hujambo?" Kama anavyomsalimia mgeni aliyekuja na padre. Kisha salio likaisha.

Kama ulichoka, ungeniambia. Ungeniambia tu, "Milembe, nimechoka," ningerudi kesho yake. Hukuniambia. Ulisubiri yaishe ndipo ukaniandikia nikae chini nisome.

Sijui nisome kwa ajili ya nani sasa.

Milembe


Somanda, Bariadi
4 Agosti 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata mwezi wa sita. Sikujibu. Pamba imeshauzwa, Masalu mzima, Nyakabindi wanaandaa mabanda ya Nanenane na magari yanapita hapa kutwa na vumbi lake.

Maneno yako yote nimeyasoma. Ni ya haki. Sina cha kuongeza.

Kanisani siendi kwa sasa, padre ananiletea Komunyo hapa hapa. Ni hiki kikohozi, vumbi la

Hapa anaandika Klementina, mama ananiambia kwa mdomo maana mkono wake umechoka. Anasema kikohozi ni vumbi la pamba. Anasema mwezi wa kumi uko karibu, usome, usiache kusoma. Anasema Winnie alikuja kumwona wakati wa likizo, amerefuka, ameng'oka meno mawili ya mbele. Anasema basi, nifunge.

Dada Milembe, mimi ni Klementina sasa, yeye amesinzia kwenye kiti. Aliniapisha kwa Biblia nisikwambie kitu, kwa hiyo sikwambii kitu. Ila barua zake zisome vizuri. Zisome kidaktari.


Kassel
25 Agosti 2024

Sengi yangu,

Shikamoo.

Nimezitandaza barua zako za mwaka huu kitandani, nimezisoma upya. Viatu vimebana. Posta imekuwa mbali. Kitanda kimeachwa, mtu analala amekaa na mito mgongoni. Kikohozi. Mkono unachoka katikati ya mstari. Angekuja mgonjwa na maneno haya, nisingemwacha amalize kuyasema, ningemwita muuguzi alete oksijeni. Nami nilikuwa nayasoma kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Ni moyo. Unajua ni moyo, wewe uliyenifundisha kubonyeza mguu uliovimba na kuangalia shimo la kidole. Tangu lini? Nani amekupima? Wamekupa dawa za kukojoa? Nijibu kama muuguzi, usinijibu kama shangazi.

Nami niseme langu. Mtihani haukusogezwa. Niliufanya tarehe ishirini Februari, nikaanguka mara ya pili. Nilitoka pale nikapanda treni ya upande usio wangu, nikafika mji nisioujua, nikakaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Wiki iliyofuata nikakuandikia uwongo ule wa ofisi. Na kazi ya nyumba ya wazee si ya muda. Ndiyo kazi yangu. Naogesha wazee, nabadilisha mashuka, nalisha kwa kijiko. Hakuna anayeniita daktari hapa, na siku hizi akiniita mtu wa nyumbani kwenye simu nageuka kuangalia anamwita nani.

Mtihani wa tatu ni tarehe 15 Oktoba. Siufanyi. Nimeomba tiketi ya mwanzoni mwa mwezi. Ni ubingwa gani huu wa kujifunza kuwalaza watu wa mbali, nawe hulali?

Nakuja. Usijifiche tena.

Milembe


Somanda, Bariadi
16 Septemba 2024

Ng'wana wane,

Barua hii inabebwa na Sista Veronica, anakwenda kwenye mkutano wa shirika lao huko Ujerumani na ameahidi kukutumia akifika. Kwa hiyo itakuwahi. Nimeiandika kwa siku kadhaa, vipande vipande, usishangae wino kubadilika.

Umesema nijibu kama muuguzi. Haya. Ni valvu ya moyo, imeziba kwa makovu ya homa ya utotoni. Nilianza kuvimba mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, nikajua siku hiyo hiyo. Mwanza wamenipima kwa mashine, wakasema dawa zitanisogeza tu, dawa yenyewe ni upasuaji Dar es Salaam. Dawa za kukojoa ninameza. Miguu ni kama magogo.

Sikukwambia kwa sababu ungerudi. Hakuna sababu nyingine, usiitafute.

Kuhusu Winnie. Mwezi wa tatu nilianguka jikoni nikiwa naye peke yetu. Nilipozinduka alikuwa amekaa sakafuni karibu na kichwa changu, ananipepea kwa kitenge. Hakupiga kelele, hakulia, alinipepea tu mpaka Klementina akaja kuomba chumvi. Mtoto wa miaka saba, Milembe. Usiku ule niliwaza: huyu atakuja kuamka asubuhi moja aniguse nimekuwa baridi, na atakaa hapo hapo ananipepea. Kesho yake nikamwita Novatus. Neno nililokupa stendi nilikuwa nalikumbuka vizuri kabisa nilipomwita.

Sasa ya Dar. Walinipa tarehe mwezi wa tano, sikwenda. Wakanipa Julai, nikamwambia Masalu imeahirishwa. Bima ya wastaafu inalipa, Masalu yuko tayari kunisindikiza, hakuna kinachonizuia ila woga. Nimesukuma vitanda vingapi kuingia theatre miaka yangu ya kazi? Nilikuwa nawaambia wagonjwa, "Utalala kidogo tu mama, utaamka." Na wengine hawakuamka. Baba yako Bundala hata hakufika kulazwa usingizi. Utumbo umejikunja, daktari wa kupasua yupo, wa kutoa usingizi kasafiri. Tukampakia kwenye gari kwenda Mwanza, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu, na kabla ya Lamadi ukalegea. Ulikuwa kidato cha tano. Ulipoambiwa hukuuliza amekufa kwa ugonjwa gani, uliuliza, "Huyo anayelaza watu anasomea wapi?" Mimi sijasahau.

Basi sikia. Wamenipa tarehe ya tatu, 22 Oktoba. Nilikuwa siendi. Lakini tufanye mapatano, mtu mzima kwa mtu mzima. Wewe ukiingia chumba chako tarehe 15, mimi nitaingia changu tarehe 22. Ukija hapa kabla ya hapo, nitakupokea, nitakupikia, nitakukumbatia, na Dar sikanyagi. Unanijua.

Mpigie Klementina umpe jibu lako, ataniandikia kiganjani.

Sengi yako,
Felisita


Kassel
19 Oktoba 2024

Sengi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa umeamka. Ndiyo maana naipeleka posta ya kawaida, ya polepole, ili ichelewe. Kwa simu nimemwambia Klementina akuandikie "ameingia, matokeo bado." Nusu yake ni kweli. Niliingia.

Nimeanguka, Sengi. Mara ya tatu.

Nataka uyajue yote kutoka kwangu. Asubuhi walinipa mgonjwa, mzee mwenye mawe kwenye kibofu cha nyongo. Nilimhoji vizuri, nikampima, nikaandika. Aliniambia, "Mikono yako ina joto, daktari." Nikasema moyoni leo ni leo. Mchana nikaingia chumbani, maprofesa watatu na mezani glasi za maji. Saa nzima ya kwanza tulikwenda sawa. Picha ya kifua nikaisoma. Dawa nikazitaja.

Kisha mmoja wao, mama mwenye miwani, akaniuliza: "Mgonjwa ametoka kupasuliwa tumbo, presha inashuka, mapigo yanapanda. Unafanya nini?"

Nikasema anavuja damu ndani, namrudisha theatre, namwekea dripu kwenye mishipa miwili, naagiza damu.

"Damu imechelewa. Unafanya nini?"

Jibu lao nalijua, Sengi. Nimelisoma hadi ukurasa umechakaa. Lakini mdomo wangu ukasema, "Nawaita ndugu zake walioko nje, napima kundi la damu, natoa kwao."

Akauliza, "Ndugu?"

Nikaanza kueleza. Nikaeleza usiku ule wa yule mama kutoka Kimali aliyevuja damu pale Bariadi, jinsi ndugu zake walikuwa wamelala kwenye nyasi nje ya wodi, na tulivyowaamsha mmoja mmoja, na mama akaishi. Niliieleza yote, kwa Kijerumani changu kibovu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona wanaangalia chini. Mama mwenye miwani hakuwa mkali. Alisema kwa upole, "Dokta Bundala, nakuamini. Lakini hapa hatufanyi hivyo." Baada ya hapo kila swali nililijibu kama mtu anayejibu kutoka kisimani. Wakanitoa nje, wakaniita, wakaniambia. Yule mama mwenye miwani alinishika bega nilipokuwa natoka, nikatamani asingenishika.

Kwa hiyo imeisha. Si jimbo hili tu, nchi nzima. Viza yangu ilikuwa ya kufuata leseni, na leseni haipo tena ya kufuata. Nimepewa hadi mwisho wa Januari. Jana nilirudi kazini kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda, nikamchana Bibi Krüger nywele, akauliza, "Leo umekuwa daktari?" Kila siku huuliza, kumbukumbu zimemtoka. Nikamwambia bado.

Nimemwacha mtoto miaka miwili. Nimekuacha unavimba kwenye kiti. Kule hospitali ya Bariadi walishaajiri mwingine nafasi yangu. Nikifika nyumbani nitakuwa nani? Nitawaambia nini watu wa jumuiya? Usiku najaribu kuiona sura ya Winnie mwenye mapengo, siioni, namwona yule wa stendi.

Kama umeamka, nisamehe kwamba sikushika upande wangu. Kama hukuamka

Siimalizi hiyo sentensi.

Milembe


Somanda, Bariadi
8 Desemba 2024

Ng'wana wane Milembe,

Mwadila mayu, wabeja, asante kwa salamu zote ulizompa Klementina kwa simu. Anaziandika kiganjani mwangu kwa kalamu ya wino, mikono yangu imekuwa kama daftari la shule. Tumerudi Bariadi wiki hii. Masalu amenifikisha, akala, akalala mchana kutwa, maana Dar amelala kwenye korido siku zote nilizokuwa kule. Naandika kitandani, nimelala. Kifua kinauma nikikohoa na kovu linawasha, lakini hewa inaingia. Nilikuwa nimesahau inavyoingia.

Niliogopa sana, nisikufiche. Asubuhi ile walipokuja na kitanda cha magurudumu nilimshika Masalu shati, wakaniachisha kidole kimoja kimoja. Ndani kule alikuwepo dada mmoja wa kutoa usingizi, kijana kuliko wewe. Alisoma kwenye faili kwamba sisikii, akavuta barakoa yake chini ili nione midomo, akasema, "Mama, tuhesabu pamoja kwa vidole." Akainua kidole, nikainua changu. Cha pili. Cha tatu. Cha nne sikukiona.

Baada ya hapo sikumbuki ila kiu. Nilipata homa, wakanirudishia mipira ya kupumulia, Masalu aliambiwa amwite padre, na padre akaja. Hayo Klementina hakukwambia, nilimwapisha tena. Yameisha.

Sasa barua yako. Nimeikuta hapa nyumbani, nikaisoma jana. Lakini habari yenyewe haikuwa mpya kwangu. Siku ile Klementina aliponiandikia "matokeo bado," nilimtazama usoni. Mtu asiyesikia anasoma nyuso, Milembe, na Klementina hajui kudanganya na uso. Nilijua umeanguka kabla sijapanda basi la Dar. Ningeweza kubaki. Masalu aliniona nimesimama mlangoni na mkoba, akadhani nimesahau kitu. Nilikuwa nawaza. Kisha nikaenda, maana mapatano yetu yalikuwa uingie, hayakuwa ufaulu. Na uliingia.

Nimelia kwa ajili yako. Silii kwa aibu, nalia kwa sababu najua ulivyokitaka kitu hicho. Sitakuandikia kwamba Mungu amefunga huku ili afungue kule, mimi sijui alichofanya. Nilimuuliza yule dada wa usingizi alipokuja kuniona wodini. Aliniandikia kwamba hapa nchini ubingwa wa usingizi upo, lakini urudi kwanza kazini, uombe nafasi na ruhusa kama wengine, na nafasi ni chache, na hakuna wa kukuahidi. Itakuwa kuanza chini tena. Unaweza ukaomba ukakosa. Nakwambia kama alivyoniambia.

Ila jambo moja limenikera kwenye barua zako mbili za mwisho. Unaandika kuogesha wazee kama mtu anayekiri wizi. Mimi nimeogesha watu maisha yangu yote ya kazi, na mshahara huo ndio uliokulipia shule. Usirudie.

Na watu wa jumuiya, wataongea. Mama Salu ameshaanza. Wataongea mpaka msimu wa kupanda, kisha watakuletea watoto wao wenye homa.

Juzi Novatus amemleta Winnie. Hakuitwa. Alisema tu, "Mtoto anaulizia sana huku," akanywa chai, akaondoka. Tulikubaliana atasoma hapa kuanzia Januari. Meno yameota, makubwa kuliko mdomo. Nilimwambia mama yake anarudi mwezi ujao. Hakuruka wala hakucheka. Aliuliza utalala wapi. Nikamwonyesha kitanda chake, nikamwambia hapo, na yeye.

Jana usiku niliamka nikamchungulia. Kitanda chote kitupu, yeye kajibana ukutani, kakuachia nafasi.

Sengi yako,
Felisita